Shule Inamrudisha Mtoto kwa Nani? Jando, Chuo na Sera ya Elimu katika Delta ya Rufiji

Mtoto wa delta ya Rufiji, awe wa Salale, Mbwera au Kiongoroni, hupita katika mikono ya walimu wa aina tatu kabla hajawa mtu mzima. Yupo mwalimu wa chuo anayemsomesha Kurani. Wapo nyakanga na kungwi wanaomwingiza jandoni au unyagoni. Kisha yupo mwalimu wa shule, mtumishi wa serikali aliyepangiwa kituo, ambaye mara nyingi kwao ni mbali na aliwasili kwa boti kutoka Nyamisati akiwa na godoro na barua ya ajira. Hawa hawajawahi kukaa kikao kimoja kumzungumzia mtoto huyo. Kila mmoja ana picha yake ya mtu anayemlea, na ni wa mwisho tu ambaye picha yake imechorwa na watu wasiomjua mtoto: sera, sheria, mtaala na nyaraka.

Tukitaka kujua lengo la elimu ya umma huwa tunafungua sera kwenye ukurasa wa dira. Hapo tutamkuta Mtanzania aliyeelimika, mwenye stadi na umahiri, anayeliletea taifa maendeleo. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila nimesoma sera za elimu za nchi hii, za zamani na za sasa, na naona dira zinafanana kuliko shule zenyewe zinavyofanana. Ndiyo maana natumia kipimo kingine. Naangalia kila mapokeo ya malezi yanamrudisha mtoto kwa nani anapomaliza, na yanamwambia nini yule ambaye hakufika mwisho.

Tuanze na jando, kwa kuwa ndilo kongwe. Mvulana hutahiriwa na ngariba, hukaa kumbini akiuguza kidonda, na siku hizo hufundwa kwa nyimbo na mafumbo: heshima kwa wakubwa, mambo ya unyumba, kustahimili maumivu, lini mtu mzima husema na lini hunyamaza. Msichana naye akivunja ungo hukabidhiwa kungwi, huwekwa ndani, huchezwa, kisha hutolewa mbele ya watu amevaa nguo mpya huku ngoma ikilia. Leo wavulana wengi hutahiriwa hospitali wakingali wadogo, na wazazi wengi husogeza ngoma za wali, yaani wasichana wanaochezwa, hadi likizo ya shule. Lakini kiini hakijafutika. Mtoto huondolewa kwa watu wake kwa muda, hubadilishwa, na hurudishwa kwa watu wale wale akiwa na nafasi mpya miongoni mwao. Aliyelia kumbini atataniwa miaka mingi, lakini hatoki akiwa nusu mtu. Lengo ni kwamba wote wafike, na mapokeo yamejipanga hivyo.

Gharama ya mpango huo ameilipa zaidi msichana. Kuwekwa ndani kwa miezi, na zamani hata kwa miaka, kulikuwa na jibu moja tu kuhusu mwisho wa malezi yake, nalo ni ndoa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia yenye asili ya Rufiji, alisoma madarasa machache, akavunja ungo, akawekwa ndani, na akiwa na miaka 14 akaozwa. Mwanamke huyo huyo ndiye aliyekuja kuwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU kuanzia mwaka 1955, akipitia vikundi vya ngoma alimojifunza kuongoza, kuimba na kuita watu wakaitika. Maisha yake yanasema mambo mawili kwa pamoja: mapokeo ya ngoma yalikuwa na elimu ya uongozi ambayo hakuna shule ya kikoloni iliyoiona, na mapokeo hayo hayo yalimfungia mlango wa darasa. Anayeyasifu kwa moyo mmoja hajawauliza wali.

Chuo cha Kurani kinakwenda mwendo tofauti. Pwani hii ilikuwa na watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya Mzungu wa kwanza kupandisha bendera yake hapa. Mtoto hukaa mkekani, huanza na alifu, hupanda juzuu kwa juzuu. Hakuna muhula wala kidato. Mwepesi humaliza mapema na mzito huchelewa, nao hukaa chumba kimoja, mkubwa akimsikiliza mdogo. Mwalimu huishi kwa kidogo anachopewa na wazazi, naye ni mtu wa kijiji hicho hicho, anayealikwa kwenye maulidi na matanga. Lengo halihitaji kuandikwa: apatikane mtu anayeweza kusali, kusoma, na siku ikifika kumsalia mzazi wake aliyefariki. Mapungufu yake nayo yanajulikana kwa wote waliopita humo. Wengi huhitimu wakiwa na sauti nzuri ya kusoma na uelewa mdogo wa wanachokisoma, na fimbo hufanya kazi ambayo maelezo yangeifanya vizuri zaidi. Hata hivyo, chuoni nako, anayeishia njiani hubaki Muislamu wa msikiti ule ule. Hakuna orodha inayobandikwa mlangoni ikionyesha nani ameachwa.

Shule ya serikali ilikuja na nasaba nyingine. Mwaka 1763 mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia alitoa kanuni ya shule za vijijini iliyowalazimisha wazazi kuwapeleka watoto darasani, ili wawe waumini na raia watiifu, wenye manufaa kwa dola. Fikra hiyo, kwamba mtoto ni mali ya dola kwa sehemu na dola ina haki ya kumdai, ndiyo mama wa elimu ya umma karibu kote duniani. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliikata fikra hiyo na kubakiza kipande kidogo. Hawakuwadai watoto wote. Walitaka makarani, wakalimani, walimu wachache na watu wa kusaidia utawala wa maakida. Kwa kuwa wavulana wa pwani walikuwa Waislamu, waliweka kando mafundisho ya dini ya Kikristo, jambo lililowaudhi wamisheni. Walifundisha kwa Kiswahili, na shule ikawa na kiwanda cha kuchapa kilichotoa gazeti la Kiongozi.

Watu wa Rufiji na Umatumbi waliionja dola hiyo kupitia akida aliyesimamia shamba la pamba la lazima na orodha ya kodi. Mwaka 1905 ndipo ilipozuka vita ya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye watu walimfuata kwa mamia kupata dawa na maneno yake, alinyongwa Mohoro, kwenye boma la Wajerumani, tarehe 4 Agosti mwaka huo. Nalitaja hili kwa sababu kumbukumbu ya kwanza ya dola katika bonde hili si ya darasa. Karatasi na kalamu zilianza kuonekana hapa kama zana za kuhesabia watu, na mzazi aliyesita kumtoa mtoto wake kwa shule ya namna hiyo alikuwa akitumia akili yake vizuri.

Waingereza waliowafuata Wajerumani walibadili wimbo. Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na akiwemo James Aggrey wa Gold Coast, ilibeba mawazo ya Tuskegee, shule ya Wamarekani weusi kusini mwa Marekani iliyosisitiza kazi za mikono. Mwaka uliofuata London ikatoa sera: elimu ya Mwafrika ioane na mazingira yake, kilimo chake, mila zake. Mfano uliokwenda mbali kuliko yote Tanganyika ulikuwa Malangali, huko Iringa, ambako kuanzia mwaka 1928 Bryant Mumford alijaribu kuijenga shule juu ya desturi za wenyeji, wazee wakiitwa kufundisha historia na michezo ya kwao. Ukiisoma leo unaweza kudhani ni jawabu la kipimo changu: shule inayomrudisha mtoto kwa watu wake.

Lakini nani alikuwa akimrudisha, na kwa nini? Wazazi waliona kwamba mshahara uko kwa karani na si kwa mwenye jembe, na waliona pia kwamba watoto wa Wazungu hawakufundishwa kulima kwa mkono. Elimu iliyosifiwa kwamba inamfaa Mwafrika ilikuwa pia elimu inayomweka Mwafrika mahali pake. Mwaka 1965 Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, alitoa hoja ambayo watunga sera hawaipendi: matamanio ya mwanafunzi hayafuati kilichoandikwa kwenye mtaala, yanafuata soko la kazi analoliona kwa macho yake. Delta, kwa upande wake, haikupata hata nafasi ya kukataa. Shule nyingi za Tanganyika zilikuwa za misheni, na misheni haikuota mizizi katika pwani ya Kiislamu. Sera ya kumwoanisha mtoto na mazingira ilipita mbali na mazingira haya.

Machi 1967 Julius Nyerere, mwalimu aliyesoma Tabora na kufundisha Pugu, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Miongoni mwa maandiko yote ya sera tuliyo nayo, hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa kuwa ndilo pekee linaloanza kwa kuuliza elimu ni ya nini kabla ya kusema iendeshweje. Nyerere mwenyewe alifanya ulinganishi: alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kwamba kukosa majengo ya shule hakukuwa kukosa elimu. Kisha akaitazama shule aliyoirithi na kuona kwamba wachache tu, kama asilimia 13 ya waliomaliza msingi, ndio waliopata nafasi ya sekondari, na waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, na mtihani ushushwe hadhi.

Rufiji ililipokea wazo hilo kwa namna ya pekee. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikiwahamisha wakulima kutoka bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vya juu. Ahadi ilikuwa huduma: maji, zahanati, shule. Shule zikajengwa kweli. Lakini udongo mzuri ulibaki kule chini, kwenye mashamba ya mpunga na ya mlau yanayofuata maji yakipungua. Familia zikaendelea kushuka bondeni msimu wa kilimo na kukaa kwenye madungu, zile nyumba za juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Watoto walishuka nao. Katika daftari la mahudhurio mtoto huyo ni mtoro. Kwa baba yake yuko kazini, akijifunza mto. Andiko la Nyerere lilitaka hasa mtoto wa namna hiyo, anayesoma na kulima na wazazi wake, lakini kalenda ya shule iliyopangwa kutoka mbali haikuwa na nafasi ya msimu wa mto mmoja. Hapa ndipo ninapoona kushindwa kwa Elimu ya Kujitegemea, zaidi ya kwenye mashamba ya shule yaliyogeuka kuwa adhabu: ilimsifu mkulima bila kumwuliza analima lini.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisukuma elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaifanya kuwa lazima. Madarasa yakajaa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya bonde hili dola ilimwambia msichana wa Kindengereko kwamba kiti chake kipo na mzazi anayemzuia anavunja sheria. Jambo hilo ni kubwa, na hakuna mapokeo mengine kati ya haya yaliyoweza kulitenda. Lakini mtihani wa darasa la saba haukushuka popote. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, mtihani ukabaki mlango mwembamba, na kila mzazi, mwalimu na mtoto alijua kwamba maneno ya sera ni ya sera na mtihani ndio shule yenyewe. Kuhusu msichana, dola iliyompa kiti ilikuja kumnyang'anya. Kwa miongo mingi aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017, akiwa Chalinze katika mkoa wetu huu wa Pwani, Rais Magufuli alisisitiza kwamba hatarudi. Unyago ulimtoa darasani kwa ajili ya ndoa. Shule ikamtoa kwa ajili ya mimba. Novemba 2021 serikali ilifungua mlango huo, na naamini ni miongoni mwa hatua za maana kuliko nyingi zilizoandikwa kwa herufi kubwa zaidi, kwa sababu ni mara chache shule yetu ya umma imekubali kumpokea tena mtu iliyemwacha.

Jirani zetu walipita njia nyingine na kukwama mahali pale pale. Kenya, baada ya ripoti ya Ominde ya mwaka 1964, iliweka mbele umoja wa taifa na watumishi wa kujaza nafasi za wakoloni. Mwaka 1985 ikaleta mfumo wa elimu wa 8-4-4, wenye sanaa na kazi za mikono nyingi, ili mhitimu aweze kujiajiri. Karakana hazikuwepo, vifaa viliwaangukia wazazi, na KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ukameza kila somo lisilohesabiwa sana. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 ulikusudia kuvunja hilo, na KCPE ya mwisho ilifanyika mwaka 2023. Mwalimu wa Kibiti, wilaya yenye delta hii, anayefuatilia habari za Kenya hana budi kuona kwamba kuondoa mtihani mmoja ni rahisi kuliko kuondoa hofu iliyouzunguka.

Sasa tunayo sera ya mwaka 2014 katika toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na kidato cha kwanza kinafungua mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mtihani wa kumchuja mtoto wa msingi unapoteza kazi yake ya zamani. Kwa kipimo changu hii ni habari njema: chini ya sera hii hatakuwepo tena mtoto wa miaka 13 anayerudishwa nyumbani na orodha. Tayari shule za kata zilizoenea baada ya mwaka 2004, na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, vilikuwa vimeufungua mlango huo. Lakini aliye delta anajua kilichofuata. Kata yenye visiwa na mikono ya mto haina shule karibu na kila mtoto. Wengine huvuka kwa mtumbwi, wengine hupanga gheto karibu na shule na kujipikia wakiwa na miaka 14, na wazazi wa wasichana hulala macho wazi. Orodha imehama tu kutoka darasa la saba hadi kidato cha nne. Na mtoto aliyejifunza sayansi kwa Kiswahili miaka yote hujifunza upya kwa Kiingereza, ambacho hakuna anayekisema gatini Nyamisati. Sera imelibakiza hilo, na mimi naliona kuwa kosa lake kubwa.

Mkondo wa amali ndio unaonipa tumaini na wasiwasi kwa pamoja. Tuskegee, Malangali, Elimu ya Kujitegemea na 8-4-4 zote zilijaribu kuingiza mkono darasani, na zote zilionekana na wazazi kama njia ya waliokosa njia. Kwa delta swali la amali lina uzito wa pekee. Hapa kuna msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, ambao serikali imeusimamia tangu zama za Wajerumani. Wenyeji wanatofautisha mkoko, mkandaa, msinzi, mchu na mkomafi kwa mti, kwa matumizi na kwa mahali unapoota. Kuna kamba na kaa, kuna mafundi wa mitumbwi. Juu ya mto kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye uwezo wa megawati 2,115, na tangu hapo mto haupandi wala haushuki kwa kanuni walizorithi wazee. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, watu walibishana kwa uchungu juu ya maji yaliyofunguliwa bwawani. Bishano kama hilo linahitaji watu wa pande mbili za maarifa ndani ya kichwa kimoja: anayejua dungu lilikuwa wapi na maji yalifika nguzo ya ngapi, na anayeweza kusoma takwimu za mtiririko na kumuuliza mhandisi swali asilolikwepa. Jando halimtoi mtu huyo, wala chuo. Shule ya umma ingeweza, lakini mpaka sasa imekuwa ikimwambia mwenye maarifa ya kwanza kwamba hayana alama.

Mfano wa shule iliyojaribu upo jirani, Ikwiriri. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha pale ni mmoja wa watoto wa wazo lililoletwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, likitokana na vyuo vya wananchi vya Skandinavia ambavyo Mdenmark Grundtvig alivipigania karne ya 19. Kijiji kilimchagua mtu, akaenda kujifunza useremala, ushoni au kilimo pamoja na uraia, akarudi kijijini kwake. Mchujo haukuwa msingi wa chuo. Miaka ya karibuni, kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimewapokea wasichana walioacha shule, wengine wakija na watoto wao wachanga, ambao hulelewa chuoni mama akiwa darasani. Katika ulinganishi huu wote ndipo mahali ninapoona sifa za mapokeo matatu zikikutana: mtu harudishwi akiwa ameshindwa, msichana hafungiwi, na mlango wa kwenda mbali haufungwi. Kwa muda mrefu tumeviweka vyuo hivi pembeni mwa mfumo, kama makazi ya waliokosa sekondari. Kama mkondo wa amali wa Kibiti utaandikwa na watu wasiowahi kumsikiliza fundi mtumbwi wa Salale wala mkulima wa mlau, utakuwa na useremala na umeme wa majumbani kama popote nchini, na mvulana anayejua mikoko mitano kwa majina atakaa kidato cha nne akisubiri matokeo ya mtihani usiomuuliza hata mmoja.